Kuachwa Huru Mara ya Pili

Mwalimu Twahir hakuwa mtu wa kwenda milangoni mwa watu. Alikaa chuoni kwake tangu asubuhi mpaka alasiri, akisomesha watoto Qurani, fimbo yake ndefu mkononi, na mwenye haja naye ndiye aliyemwendea. Kwa hivyo siku ile Radhiya alipomwona amesimama mbele ya kibanda chake cha makuti, huku mtaani Langoni, aliacha kitumbua kikiungua kikaangoni.

"Mwanangu amefanya nini, Mwalimu?"

"Hakufanya neno. Toa hicho kitumbua, kitakuwa kaa."

Radhiya akakitoa, akafuta mikono, akamtandikia mkeka. Mwalimu aliupapasa kwanza kabla ya kuketi, maana macho yake yalikuwa yameingia ukungu.

"Barka ameukamilisha msahafu," alisema. "Mara tatu nimemsikiliza, sikupata pa kumkamata. Ijumaa ya pili atahitimu, yeye na Kamaludin wa Bwana Gharib."

"Alhamdulillahi! Mwanangu mimi?"

"Mwanao wewe. Na si hayo tu. Mato yangu haya herufi zayakimbia. Nataka Barka anishikie chuo. Nikifa, kiwe chake."

Kijana alikuwa na miaka kumi na saba. Baba yake, marehemu Feruzi, alikuwa mvunja mawe. Na Radhiya mwenyewe alikuwa kijakazi wa Bwana Gharib mpaka mwaka wa juzi, Serikali ilipotangaza kuwa utumwa umekwisha. Alikwenda afisini kwa Mzungu, akapewa karatasi yake na ya mwanawe, na Bwana Gharib akapewa fidia yake. Tangu hapo alikuwa akiuza vitumbua.

Mwalimu alikohoa. "Lakini wako wazee wanaonung'unika. Wasema, 'Vipi wana wetu wafundishwe na mtu ambaye uhuru wake ni karatasi ya Mzungu? Bwana wake hajatamka.' Mimi nimewaambia kitabu hakimkatazi. Lakini kitabu ni kitabu, na watu ni watu. Bwana Gharib akilisema neno yeye mwenyewe, mashahidi wawili wakasikia, midomo itafungika."

"Neno tu?"

"Neno tu. Nenda ukamuombe. Wewe umekaa naye, wamjua."

Hapo ndipo Mwalimu alipokosea, naye alikuwa akitaka kheri. Wangapi tumewaona wakiharibu kwa kutaka kheri.

* * *

Barka hakujua kitu. Kila siku baada ya masomo alibaki kisimani kuziosha mbao za watoto, ziwe tayari kuandikwa kesho yake. Alipenda kazi ile kwa sababu mikono ilikuwa na shughuli na kichwa kilikuwa kitupu, akaweza kufikiri. Siku zile alifikiri sana, kwa vile mwanafunzi anayekaribia kumaliza huanza kuuliza amalizapo anakwenda wapi.

Alijiuliza mambo ambayo Mwalimu hakuwa amemuuliza. Mikeka ya msikitini yasukwa kijijini Kipungani na wanawake ambao mikono yao imepasuka. Watu husujudu juu yake, na hakuna aliyepata kuwaombea dua wasukaji. Mawe ya nyumba kubwa za mji aliyavunja baba yake, na baba yake alikufa katika kibanda. Na jinsi gani mtu aweza kusikia darsa kuwa wanadamu wote baba yao ni Adamu, akalia machozi, kisha akatoka nje akanyoosha mguu avishwe kiatu? Barka hakuwa na hasira. Alitaka kujua tu, kama anavyotaka kujua kwa nini herufi hii yavutwa na ile haivutwi.

Siku moja njiani alikutana na Bwana Gharib uso kwa uso. Barka akasimama kando, akasema, "Asalaam aleikum."

Bwana Gharib alimtazama tangu kofia mpaka unyayo. "Siku hizi hamsemi 'nashika miguu' tena?"

"Kutoa salamu ni sunna, Bwana. Kujibu ni faradhi."

Mzee akacheka mpaka mkongojo ukamtikisika. "Haya, ndiyo mufundishwayo kwa Twahir! Aleikum salaam, mwanachuoni."

Barka alikwenda zake akiona kwamba dunia yaweza kubadilika, pole pole, kwa salamu moja moja.

* * *

Radhiya alikwenda nyumba kubwa siku ya Jumamosi. Aliingia kwa mlango wa nyuma bila ya kufikiri. Bi Swafiya, mkewe Bwana Gharib, alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba akichambua asumini.

"Nashika miguu, Bibi," Radhiya alisema. Miaka miwili hakulitamka neno lile la watumwa, lakini ulimi ulilikuta pale pale ulipoliacha.

"Ai! Radhiya? Mzungu amekurudisha? Ameona umezeeka?"

"Nimekuja nina haja na Bwana, Bibi."

"Bwana ana wageni. Na mimi nina karamu ya mwanangu, watu wangu wote wamenikimbia kama wewe. Nazi zile hazijakunwa."

Radhiya akaitazama mbuzi ya kukunia, akaketi juu yake. Alikuna nazi mpaka adhuhuri. Bwana hakumwita. Siku ya pili alikuta kanzu za Kamaludin zimerowekwa, zamngoja. Alizifua, akazianika, na Bi Swafiya akapita akazinusa. "Hujasahau," alisema. "Nalikhofu umesahau. Vitumbua havifundishi mtu usafi."

Jirani mmoja alimwona akitoka jioni akamuuliza, "Radhiya, wewe si huru? Wafanyani mule?"

"Natafuta uhuru," Radhiya alijibu, na jirani akacheka akidhani ni mzaha.

Siku ya tatu Bwana Gharib alimwita barazani. Alikuwa peke yake, akinywa kahawa. Uso wake ulikuwa umekonda tangu mashamba yake ya bara kukosa watu wa kuyalima.

"Nimeambiwa una haja."

"Haja yangu ni neno, Bwana. Neno la uhuru. Mimi na mwanangu."

"Si ulikwenda ukapewa? Na mimi niliitwa nikapewa changu. Mambo yamekwisha."

Radhiya aliinamisha kichwa. "Ya Serikali yamekwisha, Bwana. Ya Mngu hayajakwisha."

Bwana Gharib aliweka kikombe chini. Miaka miwili alikuwa akikaa na wazee wenziwe wakizungumza habari hii moja, jinsi haki yao ilivyochukuliwa na mtu asiyekuwa wa dini yao, na hakuna hata mmoja katika watu wao aliyerudi kusema kuwa haki ile ilikuwa yao. Huyu hapa amerudi, wala hakuletwa na mtu. Macho ya mzee yalirowa, kweli kweli.

"Umesema neno la mtu muumini, Radhiya. Nitakupa, wala sitaki kitu. Lakini si hapa, penye paka na kuku. Siku ya kuhitimu kwa Kamaludin, mui wote ukiwapo, wakubwa kwa wadogo, ili asibaki wa kusema hakusikia."

Radhiya aliishika miguu yake, mara hii kwa mikono wala si kwa mdomo, akalia kwa furaha. Kisha akarudi jikoni akamalizia vyungu, na hakuna aliyemtuma.

* * *

Kamaludin ndiye aliyemwambia Barka. Hakuwa kijana mbaya. Alikuwa mvivu wa kusoma, mwepesi wa kucheka, na aliogopa sana siku ya kuhitimu.

"Barka, siku ile ukae nyuma yangu. Nikikwama unisukume."

"Nikusukume na nini?"

"Na ulimi. Ukinisukuma na mguu Mama atakula nyama yako." Wakacheka wote wawili. Kisha Kamaludin akasema, "Hata wewe una bahati. Baba atawaacha huru siku ile ile. Mwataka nini tena? Halwa moja, furaha mbili."

Barka aliacha kucheka. "Atamwacha nani?"

"Wewe na mamako. Hakukwambia? Siku tatu yuko jikoni kwetu akiomba." Kamaludin alisema hivyo kwa roho safi, kama mtu amwambiaye mwenziwe kuwa pilau lake li tayari. Alipouona uso wa Barka, hakujua alipokosea.

* * *

"Mama, ulikuwa wapi siku tatu hizi?"

Radhiya alikuwa akikoroga unga wa mchele. "Ulimwengu hauna siri. Nani amekwambia?"

"Umekwenda kuomba nini? Sisi ni watu huru."

"Huru wa karatasi."

"Huru, Mama! Karatasi au jiwe, huru ni huru."

"Haya, nionyeshe huo uhuru. Nikipita sokoni wananiita nani? 'Radhiya wa Gharib.' Nikifa watanizika wapi, na nani atakuja? Baba yako walimtia kaburini watu wanne, na mmoja alikuwa mpita njia. Mwalimu ataka kukupa chuo. Wazee wataka neno. Neno liko kinywani mwa mtu mmoja. Nami nimekwenda kulitoa. Nimekuna nazi. Kwani nilizaliwa kukuna nini?"

Barka alikaa chini karibu naye. Alisema pole pole, kama awafunzavyo watoto. "Mama, sikiliza. Akisimama mbele ya mui akasema 'yeo nimemwacha huru Barka', amesema kuwa jana Barka alikuwa mtumwa wake. Siku ya kuhitimu kwangu. Mbele ya watoto nitakaowafundisha."

Radhiya aliacha kukoroga. Akamtazama mwanawe, si kwa ukali.

"Na jana ulikuwa nani, mwanangu?"

Barka alitoka nje, akasimama kando ya ukuta wa jirani mpaka aliposikia mamake akianza tena kukoroga.

Asubuhi alimwendea Mwalimu Twahir kabla watoto hawajafika. Mwalimu alisikiliza, kichwa kimeinama.

"Nalimtuma akatafute neno la barazani," alisema. "Mashahidi wawili, watu wakaenda zao. Sikuyua Bwana Gharib atalitandikia busati mbele ya mui wote."

"Nikisimama nikasema sikubali, kwamba mimi ni huru na hana cha kunipa?"

"Utakuwa umesema kweli."

"Na chuo?"

"Wazee watatoa wana wao. Kitafungwa. Mimi nimekwisha kuwa kipofu, Barka, nawaficha tu." Alijifuta macho kwa ncha ya shali. "Lakini usinitazame mimi. Kweli ukiwa nayo, iseme. Na ulimi wa kuisemea nimekupa mimi mwenyewe."

Basi Barka akayatengeneza maneno yake. Siku nne aliyasema moyoni huku akiosha mbao. Yalikuwa machache, ya adabu, na yamesimama imara. Angesema: "Bwana, Mungu akulipe kwa nia yako, lakini huwezi kutoa kisichokuwa chako." Hayo tu, kisha aketi.

* * *

Ijumaa baada ya sala watu walijaa kiwandani, katika ua wa nyumba ya Bwana Gharib. Wanaume walikaa chini juu ya mikeka, na wanawake walikuwa juu, nyuma ya pazia. Kamaludin alikaa mbele, joho la baba yake limemfunika mpaka vidole, kilemba kimemlemea. Barka aliwekwa nyuma yake, karibu na mahali watu walipovua viatu. Kanzu yake ilikuwa safi, na Radhiya alikuwa ameikunja chini ya godoro siku mbili ili inyooke.

Kamaludin alizianza vizuri sura fupi za mwisho wa msahafu. Sura ya tatu akakwama. Barka akamnong'oneza. Akakwama tena, Barka akamnong'oneza tena, na hivyo wakaenda pamoja mpaka mwisho, mmoja akitoa sauti na mmoja akitoa maneno. Watu wakaitikia, "Allah! Allah!" Bi Swafiya akapiga kigelegele huko juu, wanawake wote wakakipokea.

Ikawa zamu ya Barka. Aliposoma, waliokuwa na vikombe vya kahawa waliviweka chini. Hata watoto waliacha kuchezea viatu. Mzee mmoja mgeni, aliyetoka Chundwa, alimwinamia jirani yake.

"Mashallah. Kijana huyu ni wa nani?"

"Wa Gharib," alijibiwa.

"Mwanawe?"

"Hapana. Wa Gharib tu."

Mwalimu Twahir aliomba dua, watu wakaitikia amina. Ndipo Bwana Gharib aliposimama, mkono juu ya mkongojo. Sauti ilimtetemeka, kwa kuwa hakuna mtu pale aliyeamini wema wa jambo lile kuliko yeye.

"Enyi ndugu Waislamu, kuweni mashahidi. Mtumwa wangu Radhiya binti Songoro, na mwanawe Barka aliyezaliwa nyumbani mwangu, nimewaacha huru yeo kwa ajili ya Mwenyezi Mngu. Si kwa karatasi ya mtu, wala si kwa fidia. Ni kwa kinywa changu."

Barka alisimama. Watu waligeuka wakamtazama, na Mwalimu, asiyeona, alijua kwa kimya kile kwamba kijana amesimama. Maneno yalikuwa tayari. Barka aliyahisi yamejipanga nyuma ya meno yake. Akafungua kinywa.

Huko juu kikapasuka kigelegele. Kimoja. Wanawake wengine hawakukipokea, na kile kigelegele hakikuwangoja. Kilikwenda peke yake, kikakatika pumzi, kikaanza tena, kama cha mtu asiyezoea. Maishani mwake Barka hakuwa amepata kumsikia mamake akipiga kigelegele. Katika arusi zote za nyumba ile Radhiya alikuwa jikoni. Lakini aliijua sauti. Kumbe kwa miaka yote hii, chini ya karatasi ya Serikali na vitumbua na kicheko cha majirani, mamake alikuwa akiingojea siku hii moja, na yeye aliyesoma msahafu mzima hakulisoma hilo.

Kigelegele kilikwisha. Watu walikuwa bado wakimtazama.

"Sema, mwanangu," Mwalimu alisema taratibu.

"Nimekubali," Barka alisema.

Bwana Gharib akanyoosha mkono. Barka alipita katikati ya watu, akauinamia, akaubusu. Watu wakasema hongera, hongera. Sinia la halwa likaanza kuzunguka, na lilipomfikia Barka, kijana aliyesoma kuliko wote katika chuo kile, mtu aliyekuwa amelishika alimwambia, "Kula bwana, yeo ni siku yako." Alikula. Ilikuwa tamu, kama halwa zote.

* * *

Walirudi Langoni pamoja kabla ya alasiri. Radhiya alitembea katikati ya njia. Kwenye kila mlango uliokuwa wazi alitoa salamu, na kwa kila aliyeuliza alisimama akasimulia tangu mwanzo. Barka alimngoja hatua mbili mbele. Hongera zilikuwa nyingi. Wazee wawili walimwambia kuwa Jumamosi watamletea wana wao.

Walipofika nyumbani Radhiya hakuvua buibui. Alitoa chini ya kitanda kipande cha karatasi cheupe, kimefungwa ndani ya kitambaa. Alikuwa amekiomba kwa Mwalimu tangu juzi.

"Kaa, mwanangu. Wewe sasa ni mwalimu. Niandikie maneno yake Bwana kama alivyoyasema. Nitakuwa nayo, na siku yangu ikifika mniwekee kifuani, ndani ya sanda."

"Mama, nimechoka. Kesho."

"Kesho utakuwa umesahau."

"Sitasahau."

"Basi andika."

Barka alikoroga wino, akachonga kalamu ya tete. Tangu ahitimu, hii ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kwanza. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mwandiko mzuri, umelala sawasawa, kama alivyofunzwa. Radhiya alikaa karibu sana naye, akiitazama kila herufi ikitoka, ingawa hakujua hata moja.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Nisomee."

Barka alisoma. "Enyi ndugu Waislamu, kuweni mashahidi. Radhiya binti Songoro, na mwanawe Barka aliyezaliwa nyumbani mwangu, nimewaacha huru…"

Radhiya aliweka mkono juu ya mkono wake, pole.

"Umeruka neno, mwanangu."

Barka alitazama karatasi. Neno lilikuwapo, ameliandika kwa mkono wake, wino wake haujakauka. Akarudi mwanzo wa mstari, akalisoma. "Mtumwa wangu Radhiya binti Songoro…"